Kabati Lililolazwa

Miaka kumi na mmoja Mákos alitembea
bila kufika popote.
Tangi la kioo, upana wa magazeti mawili,
na yeye asubuhi hadi jioni
akikwaruza kona ileile kwa kucha zilezile,
kwani kioo hakimwambii kobe "hapa basi";
kinamwonyesha zulia, mguu wa meza, slipa zangu,
kisha kinamnyima.
Krr. Krr. Tukaizoea sauti ile
kama tulivyozoea mabomba ya joto ya jengo hili la Miskolc,
ghorofa ya nne, Januari ikipiga miluzi nje.

Daktari Csongor alimgeuza kiganjani
kama mtu anayesoma chini ya sahani.
"Unaona gamba lilivyoinuka vichuguu?
Huo ni ukavu. Na joto lako, bwana,
limeenea kila mahali kama uji.
Mpe upande wa jua na upande wa kivuli.
Mpe udongo achimbe.
Kioo hicho kaoteshee miche ya nyanya."

Nikarudi nikinung'unika.
Kobe huzaliwa na nyumba mgongoni;
ya nini kumjengea ya pili?
Lakini usiku, krr, krr,
nikawaza: ile si nyumba, ile ni nguo.
Nyumba ni pale unapoweza kuupa ukuta kisogo
ukaenda zako.

Kabati la Emőke lilikuwa tupu tangu aende Rotterdam,
ila henga saba na harufu ya lavenda.
Nikalilaza chali,
nikang'oa milango, bawaba nikazitia kikombeni,
nikatandika nailoni.
Msumeno ulipolia, Bi Rozália wa chini
akagonga dari yake kwa ufagio.
Nikamjibu kwa nyundo, mara mbili.

Ndipo nikaiona, ubavuni kwa ndani,
mistari ya penseli, mwandiko wa marehemu Piroska:
minne. Mitano. Sita na nusu
(aliililia hiyo nusu).
Ikapanda hadi kumi na mitatu, alipokataa kupimwa tena.
Sasa haipandi. Imelala.
Kimo kikilazwa huwa safari.

Sikuipaka rangi.
Nikamwaga udongo na mchanga, ndoo tisa,
nikaulowesha hadi ukishikwa ukamatane,
ukiachwa uachane.
Taa ya joto nikaitundika juu ya mitano,
kigae chini yake.
Taa ndefu, ile inayojifanya jua la Juni,
kutoka mitano mpaka tisa.
Chungu kilichopasuka nikakifudikiza kwenye kumi na miwili,
penye ubaridi, kiwe pango.
Maji, kina cha kidevu chake.
Mchunga pembeni.

Nikamtua.
Akavuta shingo ndani. Chai yangu ikapoa.
Kisha akaitoa, akanusa udongo,
akaanza.
Minne akaipita bila kuitazama.
Kwenye sita na nusu akasimama, akajisaidia, akaendelea,
akaufikia ubao wa mwisho,
ubao usioahidi kitu,
akaugusa kwa pua mara moja
akageuka.
Mara moja tu.

Jumapili Emőke akapiga simu.
Hakuulizia kabati.
"Mákos yuko wapi?"
"Yuko kwenye tisa," nikamwambia. "Anachimba."
Kimya. Nikasikia tramu ya kwao ikipita.
"Tisa," akasema, "ndio mwaka niliovunjika mkono."
"Wa kushoto."
"Wa kulia, baba."

Usiku huu amelala, mguu mmoja nje ya chungu.
Kipimajoto juu ya kigae kilisoma ishirini na nane mchana kutwa;
daktari alisema thelathini na mbili.
Kesho nitaishusha taa, vidole viwili.