Ugali wa Rangi ya Jivu

Karatasi ya kliniki ya Mwananyamala
niliikunja mara nne, nikaitia
ndani ya kopo la sukari,
maana huko ndiko mkono wa Mbaraka huenda kwanza
kila alfajiri, kabla mdomo haujauliza umeamkaje.
Akaikuta. Akaisoma. Akairudisha.
Akanywa chai chungu
kama anayekunywa dawa ya mtu mwingine.

Jumamosi nikaenda Tandale,
kule magunia yanakopumua vumbi
na mteja hupiga chafya kabla ya kuuliza bei.
Nikataka unga wa uwele, kilo mbili.
Muuzaji akaniuliza, "Wa kuku au wa watu?"
Nikasema wa watu,
ila sauti yangu haikuwa na uhakika.

Mimi nimelelewa na mchele.
Kwetu Utete hata msiba una wali wa nazi.
Sembe niliikuta mjini, nikaizoea,
nyeupe kama shuka la wodini.

Ugali wa kwanza ulinishinda.
Mwiko ulikwama kama gurudumu Jangwani siku ya mvua,
na jikoni kukanuka kabati la nguo za marehemu.
Shomari akauliza,
"Mama, huu umeungua, au ndivyo ulivyo?"
Nasra akaupiga picha.
Mbaraka akala matonge matatu, akanawa,
akatoka barazani kutazama mvua
ambayo haikuwa ikinyesha.

Kiporo walikula kuku wa jirani.
Kesho yake wakaja mapema, wakasimama mlangoni.
Nikajiambia: kuku, angalau.

Mwenye kuku ni Mama Masinjila, mtu wa Mpwapwa.
Miaka kumi na moja tumegawana ukuta, bomba na chumvi,
sijawahi kumuuliza kwao wanakula nini.
Alinusa unga wangu, akacheka mpaka kanga ikamlegea.
"Huu umezeeka, mwenzangu.
Uwele hausubiri kama sembe.
Nunua punje, saga kidogo kidogo,
upike kabla haujakasirika."
Akaingia ndani, akatoka na fundo la kitambaa:
mlenda mkavu, alioletewa na mdogo wake kwa basi,
bado una harufu ya jua la huko.
Magadi, ncha ya kijiko tu.
Nyanya. Karanga za kutwanga, zisizidi.
"Na usikoroge kwa hasira."

Kijana wa mashine alinung'unika
kusafisha kinu kwa ajili ya kilo moja.
Nikamwongeza mia tano.

Usiku ule mlenda ulivuta nyuzi
kutoka bakulini hadi midomoni,
Shomari akawa anazihesabu.
Nasra alikula mkate. Sikumlazimisha.
Mbaraka hakusema neno,
ila aliukwangua ukoko
kwa kucha ya kidole gumba, pole pole,
kama anayetafuta pete.

Si vyote vilivyokaa.
Unga wa mlonge kwenye maharage,
nyumba nzima tulikubaliana bila kikao: hapana.
Mbegu za chia, nilizouziwa Kariakoo kwa bei ya nyama,
zilivimba kwenye maji kama mayai ya chura.
Nilizinywa peke yangu, nimefumba macho,
kwa uchungu wa hela.

Jana napita kwenda gengeni,
nasikia sauti ya mume wangu kijiwe cha kahawa:
"Uwele, ndugu zangu, hausubiri kama sembe.
Unanunua punje. Unasaga kidogo kidogo."
Utadhani kitovu chake kimezikwa Mpwapwa.
Mbele yake, juu ya kisahani,
kashata nzima, haijaguswa,
nzi mmoja tu anaizunguka.

Sikusimama. Nyanya nilikuwa bado sijanunua.