Kumbukumbu za Kikao cha Tano

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo
badala ya saa tatu, kwa sababu ya ukungu,
na kwa sababu ufunguo wa ukumbi
ulikuwa mfukoni mwa Mheshimiwa Musobo,
na Mheshimiwa Musobo alikuwa Mbale.
Akidi ilitimia.
Naandika ilitimia: tulimhesabu dereva.

Sala iliongozwa na Mheshimiwa Cheptoek.
Aliomba mvua ipungue, wageni waongezeke.
Nje, maporomoko yaliendelea kunguruma
kama mtu ambaye hakuombwa maoni.

Ajenda ya tatu: bango la kuwakaribisha wageni
pale kona ya kuingilia mjini.
Liwe la kijani, alisema Mheshimiwa Satya,
rangi ya kahawa ingali mtini.
Liwe jekundu, alisema Mheshimiwa Mangusho,
rangi ya kahawa ikiiva.
Sauti kutoka nyuma: na ikishakaangwa?
Kicheko. (Kicheko hakiandikwi. Nimekiandika.)
Saa moja na dakika ishirini tulikuwa kwenye rangi.
Chai ikaja, sambusa zikapungua mbili,
na upungufu huo ulijadiliwa kwa kina
kuliko ule wa bajeti.

Ajenda ya nne: maji.
Kwenye vijitabu vya wageni
mji wetu ni maji yanayojirusha kutoka mwambani,
upinde wa mvua umeyashika kiunoni.
Kwenye bomba la sokoni, tangu Pasaka,
ukifungua, hutoka kikohozi.
Mhandisi alieleza. Nimeandika alivyoeleza:
bomba, presha, mkandarasi, mteremko, bomba.
Iliamuliwa mhandisi aeleze tena kikao kijacho.

Mengineyo.

Hapo ndipo aliposimama Skovia Cherukut.
Si diwani, hakuwa na kiti;
alipata nafasi kwa kuwa Spika
alikuwa akitafuta miwani yake.
Ni yeye anayesafisha vyoo
pale wageni wanapopigia picha.
Buti zake za mpira zilikuwa zimeacha
mstari wa matope toka mlangoni hadi kwa bendera.
Alisema:
"Nachota mtoni madumu kumi na mawili kwa siku.
Napanda nayo ngazi, moja begani, moja mkononi,
ili mgeni avute mnyororo asikie maji yakishuka.
Mlinilipa mwezi wa pili. Huu ni wa saba.
Mimi ndiye maporomoko yenu
yanayopanda."

Hakuna aliyekohoa.
Kalamu yangu ilifika mwisho wa sentensi
kabla yangu.
Kisha Mheshimiwa Mangusho akasema: Imepokelewa.

Neno hilo ni kabati.
Liko ofisini kwangu, najua yaliyomo:
daraja la mbao la kule chini,
dawa ya panya wa zahanati,
ombi la taa moja, moja tu, njia ya kisimani,
lenye sahihi ya mtu tuliyemzika.

Kikao cha sita.
Kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.
Marekebisho: ukurasa wa nne, mstari wa tisa,
futa *maporomoko yenu yanayopanda*,
andika *mfanyakazi aliwasilisha suala la kiutawala*.
Ilipendekezwa. Iliungwa mkono.
Bango, kwa taarifa ya wajumbe, limepakwa bluu.

Nilifuta.
Mimi ni karani tu, mkataba wangu
wa miezi sita unatazamwa Desemba,
na nina watoto wanaokula.
Ila nilifuta kwa rula,
mstari mmoja mwembamba wa wino,
kama kanuni za ofisi zinavyoagiza:
kilichofutwa
sharti kiendelee kusomeka.