Yapo-yapo

Gari la Nesi Eufrasia limefika gereji likisukumwa
na wanafunzi watano, na mgonjwa wake mmoja.
"Fundi Nandonde, gari hili lina roho mbili.
Barabarani linanyata kama mwizi wa korosho,
likiona mlima linanguruma.
Humo ndani, nani anaamua?"

Chuoni nilifundishwa swichi:
imewaka, imezima. Moja, sifuri.
Mlango wa tatu haupo.
Miaka kumi na tisa sheria hiyo imenilisha,
kwa honi, kwa taa, kwa pikipiki zilizogoma.

Nimechomeka waya. Likutu ameshika kompyuta.
Kasi, joto, chaji vinatiririka, na nyuma yake
sheria alizoandika mtu nisiyemjua:
*betri ikiwa imejaa kiasi
na mlima si mkali sana,
umeme ubebe, injini isaidie kidogo.*

Kiasi. Sana. Kidogo.
Nimecheka hadi kijana akachungulia kutoka chini ya Fuso.
Nani kaipa mashine maneno ya bibi yangu?

Kwa maana huku Newala, juu, mto hatuna.
Tuna bati, mfereji, kisima cha saruji uani,
na chini ya genge chemchemi
ambayo kuiendea ni miguu, kurudi ni magoti.
Bibi Nambela hakupima kwa rula.
Alitumbukiza ndoo, akasikiliza inavyogonga,
akatazama mawingu upande wa Msumbiji,
akahesabu nani anakohoa, nani anatoka jandoni kesho.

"Bibi, maji yapo?"
"Yapo-yapo."

Si yapo. Si hayapo.
Neno moja likikunjwa mara mbili,
na nyumba nzima ikajua la kufanya:
uso unawe, miguu isubiri,
wawili washuke bondeni, si watano,
na yule mdogo achukue kidumu cha lita tatu.
Maji yaliyomwogesha mtoto
yalikwenda kwenye mche wa mpapai,
kama gari hili linavyoshuka mteremko
likijirudishia kile breki ingekitupa.

Basi sheria hazina kosa. Nimetafuta mwongo.
Seli ya kumi na moja kati ya ishirini na nane
inasema *nimejaa*, nayo tupu.
Mjomba Chipa alikuwa hivyo hivyo:
ukimtuma kisimani
anarudi na jibu kabla kamba haijalowa,
na siku hiyo tulilala na kiu, wote,
kwa hesabu iliyokuwa sahihi.

Nimeing'oa. Nimeweka nyingine, iliyotumika,
si mpya, si mbovu.

Jioni Nesi amekuja na bahasha.
"Limepona?"
Ulimi ulikuwa tayari na *ndiyo*.
Nimetazama betri, nimetazama barabara ya Masasi
inavyojitupa bondeni.
"Limepona-pona."

Nilidhani atakasirika.
Amefungua bahasha, amehesabu nusu, nusu na ushee,
nyingine akairudisha kwenye mkoba.
"Hata mimi wodini ndivyo ninavyowajibu," amesema,
"na wanaonielewa ni wale wanaokaa na mgonjwa usiku."

Ameondoka bila sauti, kupita Shimo la Mungu.
Likutu anafunga geti. Mimi bado nasikiliza.
Mbali, kwenye kile kilima cha kwanza,
injini imekohoa.
Kidogo.