Neno Kukaa

Ofisi yangu iko juu ya duka la vipuri, Barabara ya Naboa, Mbale.
Ngazi kumi na tisa, ya saba imelegea,
na wateja wangu karibu wote hujikwaa hapo
kwa kuwa hupanda wakiongea peke yao.

Khainza aliiruka.
Mkebe wa siagi kwapani, akaumimina mezani:
risiti za saruji, mifuko arobaini na miwili,
mabati, misumari kilo, kilo, nusu kilo,
kikaratasi cha fundi Woniala kwa penseli:
*nimepokea kwa mama Nelima, bado elfu sitini.*

Mlifunga ndoa?
"Tulikaa."
Mahari? Utambulisho? Kanisa?
"Alisema mwakani. Miaka kumi na minne, kila mwaka mwakani."
Hati ya kiwanja?
"Ina jina lake. Siku wanatia sahihi mimi nilikuwa leba."

Sheria nimeisoma, haina mkeka wa kumkalisha.
Ina mke, ina mjane, ina mtalaka,
ina mpangaji na mvamizi.
Aliyekaa hana safu kwenye fomu.
Basi usiku natafuta mlango wa nyuma:
mchango, amana, nia ya pamoja,
maneno makavu kama muhogo wa juzi,
lakini ndiyo yaliyopo, na njaa ni njaa.

Naandika *mdai alikaa*, nafuta.
Naandika *aliishi*, nafuta hilo pia.
Maana kukaa ni kuketi, ni kuishi, ni kudumu;
nguo ikikufaa, husemwa imekukaa;
na kaa, ukilitoa jikoni kwa mkono mtupu,
litakukumbusha ni neno lilelile.

Wakili Mutonyi wa upande wa pili si mtu mbaya,
hunikopesha stepla, husahau kuidai.
Alisimama na jedwali alilochapa vizuri:
chakula, maji, umeme, miaka kumi na minne,
"Mteja wangu, Mheshimiwa, angeweza hata kudai kodi."
Watu walicheka, mkalimani naye.
Khainza alikuwa akihesabu kwa vidole.
Akaninong'oneza: "Umeme tuliuvuta mwaka wa tisa.
Ametutoza miaka minane ya giza."

Kisha hakimu akataka kuiona nyumba yenyewe.
Nkoma, mvua ya usiku, yeye na gambuti zake,
Magombe na viatu vilivyong'arishwa, akiruka madimbwi,
Wanale nyuma yetu na uzi wake wa maporomoko.
Hakimu aliuliza jambo dogo, nadhani kwa kupitisha muda
karani akitafuta kalamu:
bomba la maji linapita wapi?

Magombe akaonyesha langoni.
"Hapo ni mwamba," Khainza akasema, hata hakuinua sauti.
"Tulichimba siku tatu ukatushinda. Linapita chini ya jiko,
linakata nyuma ya choo. Ni la nusu inchi.
La robo tatu, hela haikutosha."

Liliazimwa jembe kwa jirani.
Mapigo manne, matano, kisha mlio wa chuma.
Hakuna aliyesema kitu.
Hakimu aliandika kwa muda mrefu,
akakung'uta tope, akaandika tena.

Hukumu ilitoka Machi: sehemu nne kwa kumi.
Nilifurahi. Katika kazi hii nne ni nyingi,
nilitaka hata kumpigia simu mwalimu wangu.
Nikamsomea Khainza, nikamfafanulia, nikangoja.

"Nne zipi?" akauliza.
"Za paa, au za msingi?"

Nikageuza kurasa za hukumu mbele na nyuma
kama mtu aliyepoteza miwani.

Akanihesabia ada yangu, noti zimenyooshwa.
Akabaki amesimama.
Sikuelewa anangoja nini, hadi aliponyoosha mkono:
"Risiti."
Nikamwandikia. Akaikunja mara nne,
akaiingiza mkebeni pamoja na nyingine,
akashuka, nami nikasikiliza hatua zake
zikifika ya nane, kisha ya sita.