Ukurasa wa Arobaini na Moja

Riwaya yako niliipata bure, Mwalimu Mihayo,
usiku mmoja hapa Isevya, kwa bando la mia tano,
imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa,
na pembeni, kila mahali, dole gumba la mtu
lenye kucha iliyopasuka.
Sikujiuliza ni la nani. Nilisoma.
Nilisoma mpaka simu ikachemka mkononi,
mpaka jogoo wa jirani akaanza kelele zake,
na Nyamizi wako yuko stesheni, treni ya Mpanda inapiga honi,
anafumbua mdomo amjibu yule mwanamume:
arobaini. Kisha arobaini na mbili.
Dole lile lilikuwa na haraka.

Nilijitetea sana, nikiwa peke yangu.
Nilisema duka la vitabu hapa mjini linauza madaftari na bahasha.
Nilisema elfu kumi na mbili ni debe la mahindi.
Nilisema nimechukua, na kwake hakikupungua kitu.

Ila baba yangu ni mrina asali.
Mizinga yake inaning'inia huko porini, kuipita Ipole,
haina kufuli, haina mlinzi, ina alama tu,
mikato mitatu ya shoka.
Mwizi wa asali naye husema nyuki watatengeneza nyingine.
Baba hajawahi kuyacheka maneno hayo.

Basi Jumamosi nikaja kwako Kachoma.
Ulikuwa unaziba ndoo iliyotoboka.
Nikakueleza yote, na dole gumba nikakuonyesha.
Ukalitazama, ukalitazama. "Huyu namjua,"
ukasema, hukuongeza.
Halafu: "Arobaini na moja ilinila miezi minane."

Nilikuwa na elfu tatu. Ukazipokea, ukazihesabu
bila haya, kama muuza nyanya,
ukaingia ndani, ukatoka na kitabu,
ukanifungulia ukurasa ule mmoja
na kuushikilia kwa vidole viwili,
upepo usije ukanifunulia mwingine.

Nyamizi alimjibu neno moja tu.
Sitaliandika hapa.
Anayelitaka, nyumba ina geti la bati la bluu,
mkabala na mashine ya kusaga.

Faili bado ninalo. Sijalifuta.
Nikilifungua, lile dole linanitangulia,
nami siku hizi, kabla ya kusoma,
naitazama kwanza kucha yangu.