Ukuta Uliolowa

Niliinunua Wete, kwa Kombo wa simu,
elfu themanini na tano, imeshatumika,
kiooni ina mkwaruzo kama ukucha wa paka.
"Usiku haioni," akaniambia,
"lakini mchana, ukiiachia, itakuvumilia."

Kaka yangu Hemed alikuwa Maskati
na maneno yalikuwa yameshamfikia:
Mize anazila. Mize kanunua friji.
Raya, mkewe, hakusema kitu.
Alicheka tu kwenye simu,
kicheko cha kuhesabu.

Basi nikalichukua jicho langu la bei ya chee,
nikalitia ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nikatoboa tundu, nikaziba kwa gundi na nailoni,
nikalifunga juu ya tangi la maji la Bi Asaa
likielekea kiwanja chetu cha Limbani.
Picha moja kila saa,
kumi na mbili ya asubuhi hadi kumi na mbili ya jioni,
ili betri nazo zisije zikaambiwa zinakula.

Watu husema macho hayana pazia.
Hili lilikuwa nalo.

Miaka minne nikipanda ngazi kila Ijumaa ya pili,
betri mpya kwapani, kitambaa mdomoni,
nikimhamisha buibui, nikimwomba radhi.
Kuna wiki nzima ya Shaabani
haina nyumba wala kiwanja,
ni tumbo la mjusi tu, limejibandika, linapumua.

Juzi Kombo akaziunganisha zote.
Dakika kumi kasoro.
Hemed karudi likizo, kaketi sebuleni mwake
anaitazama sebule yake ikiwa bado ni shimo.

Msingi unafunguka kama mtu anayepiga miayo,
unalishwa zege, unafumba.
Nondo zinachipua kama mchaichai.
Fundi Shaame yupo huku, yupo kule, yupo jukwaani, hayupo;
mwiko wake haukuonekana hata mara moja ukipaka,
isipokuwa mstari mmoja wa matofali umezidi,
na mwengine, na mwengine.
Mchanga unarundikwa, unaliwa.
Kokoto hivyo hivyo.

Halafu mwaka wa karafuu.
Mafundi wote wamekwenda kuchuma,
na uani kwa Bi Asaa majamvi yanatandikwa:
kijani, wekundu, hudhurungi, yamekunjwa,
kijani tena.
Karafuu zikaisha. Mafundi hawakurudi.
Nyumba haijongei. Majani ndiyo yanayojenga,
yamefika dirishani, yanachungulia ndani.

"Simamisha," Hemed akasema. "Hapa ni lini?"
Nikamtajia miezi, mmoja mmoja, saba.
Akaangalia vidole vyake vya miguu.
Miezi ile hakuwa na kazi kule
na hakumwambia mtu,
alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni na mfuko wake wa chakula.
Raya akageuza shingo.
Kwa mara ya kwanza, siye mie aliyenitazama.

Hakuna aliyesema. Kombo, masikini,
akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo.
Kisha filamu ikaendelea: linta, kenchi, bati
linawaka jua mara moja kama mtu aliyepigwa picha.

"Mize," kaka akasema, sauti yake imelegea,
"mbona kila ukuta mpya, picha ya kwanza ya siku,
umelowa? Limbani mvua hunyesha alfajiri tu?"

Saa kumi na moja jicho lilikuwa limefumba.
Halikuona ndoo ishirini na tano,
kata ya khanga kichwani, kandambili zilizonata udongo,
kwa kuwa saruji changa isiponyweshwa siku saba hupasuka,
na Shaame kwao Ole, na mimi ndiye niliye jirani.
Utosi wangu hadi leo una kidimbwi
pale nywele zilipochoka kuota.

"Umande," nikamjibu.

Akatikisa kichwa,
akamwambia Kombo airudishe mwanzo.