Mezani Pana Komamanga

Saa tisa na nusu Azza anarudi kutoka benki.
Viatu anaviacha mlangoni, miguu imeumuka kama maandazi,
buibui analitupa kwenye kochi,
anafungua friji, sehemu ya juu,
anasimama palepale kutafuna barafu.
Kru. Kru. Kru.
Meno yanayouma ni yangu.

Nina maneno. Msidhani sina.
Ninayo ya daktari wa Alkhoudh
aliyesema damu tisa, akaizungushia kalamu nyekundu.
Ninayo ya marehemu mama,
yaliyotoka naye Wete yakafika Maskati bila kuchakaa:
Kula, mwanangu, tumbo hilo si lako peke yako.

Lakini naijua ladha yake.
Mimba yangu ya kwanza niliibeba Ibra, nyumba ya wakwe,
na mama mkwe, Mungu amrehemu,
alikuwa akihesabu matonge.
Yakibaki mawili sahanini aliyatangaza
mbele ya wanawake waliokuja kunywa kahawa.
Nikajifunza kula mbio
na kutapika polepole, bomba likiwa wazi.
Hadi leo nikisikia harufu ya samli ya moto
koo linajifunga lenyewe.

Basi nikauambia ulimi: kaa.
Ukakaa siku nne.
Jumatatu ukaniponyoka.
“Umekula nini leo?”
Maneno manne tu, na nimeyasema kwa upole!
Azza akanitazama kama dereva anavyoitazama rada
ilhali picha imeshapigwa.
Akaingia chumbani. Hakutoka mpaka baada ya isha.
Asubuhi nikakuta pakiti ya chipsi chini ya mto,
na vumbi la pilipili kwenye shuka.
Mumewe yuko Duqm, zamu ya wiki tatu.
Angekuwapo, angenilaumu mimi au yeye?
Sikumpigia simu kumuuliza.

Jumanne nikafanya ujanja.
Nikasaga mchicha, nikaukanda ndani ya unga,
nikasukuma chapati kumi, nikazipanga kwenye kawa,
kisha nikaona haya.
Huko nako ni kusema, ila kwa kujifunika kanga.
Alipokaa nikamwambia: “Za kijani hizi. Mchicha.”
“Nimeona, mama. Si kipofu.”
Akapasua pakiti ya chipsi, akazimimina ndani ya chapati,
akapaka jibini, akakunja.
Akala moja na nusu.
Ile nusu iliyobaki niliila mimi, nikiwa nimesimama, jikoni.
Chipsi ndani ya chapati. Kumbe tamu.

Leo jirani, Bwana Nasor, ameshuka Jabal Akhdar
na kikapu cha makomamanga, maganda yamepasuka kwa jua.
Nimekaa mezani, nimetandika gazeti,
nachambua huku nikizungumza na dada yangu kwenye simu,
habari za harusi, za mafundi wa kiyoyozi,
za watu wasiotuhusu.
Punje naziangushia bakulini.
Bakuli sijalisogeza upande wa mtu.
Limekaa tu, kama bakuli.

Mkono wake umekuja wenyewe, macho yako kwenye simu yake.
Punje tatu. Tano.
Halafu konzi nzima, na maji mekundu
yanateremka hadi kwenye bangili.

“Mama, unahesabu.”
“Sihesabu.”
“Midomo yako inacheza.”

Nikaifunika kwa kiganja, chekundu nacho,
tukacheka hadi dada yangu akakata simu kwa hasira.
Azza akashika ubavu. “Kapiga teke,” akasema,
kisha, kama mtu anayeomba kitu cha aibu:
“Mama, nataka muhogo.
Wa kuchoma. Na ndimu, na pilipili nyingi, nyingi kweli.”

Saa nne kasorobo usiku niko barabarani kuelekea Sib,
kwenye duka la Koya, yule Mmalabari,
anayeweka mihogo chini ya meza ya mizani.
Muhogo hauongezi damu.
Hilo limenijia kwenye taa nyekundu,
likanikaa mdomoni, likiwa na sauti ya mama kabisa.
Taa ikageuka kijani.
Nikakanyaga mafuta, maana Koya hufunga saa nne.